Shimo Kwenye Matuta

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua, Wacera alichukua panga na kamba akashuka mteremkoni kukata majani ya ng'ombe. Alianzia chini, karibu na mto, akapanda tuta baada ya tuta huku akifyeka, na alipofika tuta la juu kabisa alifyeka lote isipokuwa kipande kimoja kisichozidi urefu wa mtu. Hapo panga lake halikugusa. Majani ya hapo aliyaacha yarefuke yapendavyo, naye akapita kando taratibu, kama apitavyo mtu chumbani mwa mgonjwa aliyepata usingizi.

Asubuhi ile alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika majani na mwingine umeinua panga, alipokiona. Kigingi kipya cha mbao, kichwa chake kimepakwa rangi nyekundu, kimepigiliwa katikati ya majani yale. Wacera alibaki vivyo hivyo ameinama. Umande ulimlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko na hakusikia baridi.

Alijua kigingi ni cha nani. Mji ulikuwa umefurika watu tangu uhuru. Walimu, askari na makarani kutoka magharibi na Ukambani walikuwa wakilala wanne wanne katika chumba kimoja, wakigombea bomba moja la maji. Ndipo serikali ikaunda Bodi ya Makao, ijenge nyumba za mawe, itie lami barabara ya kwenda Tetu, na itandaze mabomba. Ramani ya Bodi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, na siku ya baraza Wacera mwenyewe alipiga makofi pamoja na wengine. Aliuona mstari mweusi uliokata mteremko kuelekea mtoni. Aliuliza kama ni barabara, akaambiwa hapana, ni bomba kuu la maji machafu. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mstari ule ungepita kwenye tuta la juu.

Sasa aliona. Maji ya vyoo vya mji mzima yangepita juu ya kifua cha kaka yake, Muriithi. Na kabla ya hapo wangemchimbua.

Hakukumbuka kuamua lolote. Mikono yake iling'oa kigingi, ikakipeleka hatua chache upande wa kushoto, ikakididimiza kwa jiwe. Kisha akafunga mzigo wake wa majani na kuupandisha nyumbani mbio mbio.

Laiti angejua wapimaji walikuwa ng'ambo ya mto, kilimani, jicho limebanwa kwenye darubini!

Walimkuta siku hiyo hiyo alipokuwa amerudi kuchukua mzigo wa pili. Walikuwa wawili. Mpima ardhi wa Bodi, kijana mrefu aliyevaa tai hata mashambani, na msaidizi wake aliyebeba minyororo ya kupimia begani.

"Ni huyu, bwana," msaidizi alisema. "Hata kitambaa ya kichwa ni hiyo. Kwa darubini alikuwa anatembea na kichwa, miguu iko juu! Kumbe ni mtu mzuri tu."

"Barnabas, nyamaza kidogo." Mpima alivua kofia. "Hujambo, dada. Mimi naitwa Philemon Ogutu. Darubini zetu hupindua watu, usimjali huyu. Lakini hazihamishi vigingi. Kile kilikuwa pale. Sasa kiko hapa. Kimetembea?"

"Ni ng'ombe," Wacera alisema.

Barnabas aliangalia mteremko juu, akaangalia chini. "Ng'ombe gani? Labda ni ya hewa."

Ogutu hakucheka. Alichutama ili macho yake yalingane na ya Wacera, ambaye alikuwa ameketi juu ya mzigo wake. "Dada, kama ni majani unahofia, Bodi italipa. Sisi si watu wa zamani. Hatumfukuzi mtu. Niambie tu shida ni nini."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomwogofya zaidi. Angemkemea, Wacera angekaa kimya. Kukaa kimya alikuwa amefunzwa tangu utotoni. Lakini mtu aliyemngoja hivi, kofia mkononi, ilibidi apewe kitu. Wacera akatafuta kitu.

"Hapo pana maji," alisema. "Chini. Ni chemchemi. Bomba lenu litazama."

Uso wa Ogutu ulibadilika. Akainuka, akapakanyaga pale kwa kiatu, akapakanyaga tena. Wacera alifumba macho.

"Umefanya vizuri sana kusema," Ogutu alisema. "Nilifanya kazi Mwea, kwenye mashamba ya mpunga. Kule niliona mfereji mzima umekaa juu ya udongo wa maji, na ulipobomoka ulikula mwaka wetu wote. Hapana, hii si ya kupuuza. Barnabas! Kesho asubuhi lete sururu na sepetu. Tutachimba shimo la majaribio."

"Wapi, bwana?"

"Hapa hapa, kwenye majani haya marefu. Ona yalivyostawi. Dada anasema kweli, kuna kitu chini."

Akampa Wacera mkono, akamshukuru kwa niaba ya Bodi.

Mama yake, Watiri, alikuwa uani akipukuchua maharagwe. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kuinua kichwa, na vidole vyake havikusimama. Maganda yakaendelea kuanguka.

"Nani alikuambia useme maji?" aliuliza hatimaye.

"Sikujua la kusema, mama."

"Usiposema kitu, hawana kitu."

Walikuwa hawajalizungumzia jambo lile tangu lilipotokea. Jina la Muriithi halikuwa limetajwa nyumbani mle hata kwa bahati mbaya. Jirani akimwita mwanawe jina hilo, Watiri aligeuka na kuingia jikoni. Lakini Wacera hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minne, wakati wa Hali ya Hatari, wamerundikwa wote katika kijiji kilichozungukwa na handaki. Kaka yake alikuja kutoka msituni, walikojificha wapigania uhuru, akiwa mifupa na kikohozi, akafa kwenye mkeka kabla ya kumaliza uji. Na aliyekutwa na mtu wa msituni, hai au maiti, nyumba yake ilichomwa na yeye akapelekwa kizuizini. Kumzika kulikuwa hatia kama kumlisha.

Kila asubuhi wanawake wa kijiji walitolewa kwenda kuchimba matuta kwa lazima, wengine wamebeba mizigo ya majani ya kupanda kingoni. Basi Watiri alimkunja mwanawe kama akunjwavyo mtoto, akamviringisha ndani ya majani, akamfunga, akapitisha ukanda wa ngozi kwenye paji la uso wake na kuuinua mzigo mgongoni. Akapita langoni mbele ya bunduki. Wacera alimfuata nyuma nyuma. Kazi yake ilikuwa kuangalia kidole cha mguu kisichomoze. Alikiangalia kidole kile ambacho hakikuchomoza njia nzima, na tangu siku hiyo hakuweza kutembea nyuma ya mwanamke mwenye mzigo.

Safu nzima ya wanawake ilijua. Hakuna aliyeambiwa, lakini walipofika sehemu moja ya tuta la juu majembe yalizama zaidi, nyimbo zikapanda zaidi, na mzigo mmoja wa majani ukawekwa chini pamoja na mingine na haukuonekana tena. Juu ya mteremko alisimama homgadi wao, mlinzi aliyewekwa na wakoloni, kijana wa ukoo wa jirani, bunduki begani. Aliitwa Gatimu.

Na Gatimu ndiye sasa aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi ya Bodi.

Alikuja alasiri, Wacera akiwa ameketi chini ya ng'ombe, ndoo katikati ya magoti. Aliviona viatu kwanza, vimeng'arishwa.

"Wacera wa Watiri."

"Ee, mzee."

"Ati kuna maji kule kwa matuta?"

Wacera aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yakienda kando ya ndoo.

"Mimi nilisimama pale jua na mvua," Gatimu alisema. "Nyinyi mkichimba, mimi nikisimama. Maji sikuiona. Udongo ilikuwa kavu mpaka mnakohoa vumbi. Sasa imetoka wapi, hiyo maji?"

"Labda imekuja baadaye, mzee."

"Labda." Akasogea, mpaka kivuli chake kikaingia ndani ya ndoo. "Sikiliza, mtoto. Serikali ni yetu sasa. Rais mwenyewe, Mzee, ametuambia tusahau, tumesahau. Mtu akianza kufukua vitu, hatafukua moja. Mimi niko na watoto shuleni. Wewe uko na mama yako, na amezeeka. Anaweza kulala selo ya polisi, huyo? Hata usiku mmoja?"

Ng'ombe alipiga teke. Ndoo ikaanguka, na maziwa yakaenda mpaka kwenye viatu vile. Gatimu alirudi nyuma, akatoa leso akajifuta mikono, ingawa mikono yake haikuwa imerowa. Wacera alitazama leso ikitetemeka na hakuelewa alichokiona. Alidhani ni hasira.

"Kesho nitakuwa pale," Gatimu alisema. "Kama kuna maji, itaonekana. Kama hakuna, utaenda nyumbani, na hakuna mtu atauliza."

Watiri alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Wacera alipoingia na ndoo tupu, mama yake alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu kama ashikwavyo mtu anayetaka kuanguka mtoni. "Ulisikia," alisema. "Waache wachimbe. Mfupa hauna jina. Watasema ni wa mtu yeyote."

"Na watamweka wapi, mama?"

Watiri aliuachia mkono.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mtoni na mlima haukuonekana. Wacera alikuwa amejiambia hatakwenda. Alijikuta mteremkoni na panga na kamba kama siku zote, isipokuwa hakuwa amekata hata jani moja. Barnabas alikuwa tayari amefyeka yale majani marefu, na mahali pale palikuwa uchi, padogo kuliko alivyopakumbuka. Alihisi aibu, kana kwamba wamemvua nguo mtu wake mbele ya watu. Gatimu alisimama juu ya tuta, mikono nyuma. Wanawake watatu waliokuwa wakitoka mtoni na maji walikuwa wamesimama njiani kutazama. Mmoja wao alikuwa Wachuka, aliyekuwa katika safu siku ile. Macho yake yalikutana na ya Wacera, kisha yakaanguka chini.

"Karibu, dada," Ogutu aliita kwa furaha. "Njoo utuonyeshe chemchemi yako."

Barnabas alitemea viganja, akainua sururu. "Hii ardhi iko laini, bwana. Inaniogopa." Sururu ikazama. Sepetu ikatoa udongo mwekundu, ikautupa kando. Wacera alitazama kila tonge likianguka. Alitafuta ndani yake rangi nyingine yoyote.

"Kavu," Ogutu alisema, akiusaga udongo kwa vidole. "Lakini ona, huu umewahi kuchimbwa. Haujashikana kama ule wa pembeni. Endelea, Barnabas."

"Hakuna haja," Gatimu alisema kutoka juu. "Ni maneno ya wanawake tu. Fukia, bwana, tuende. Bomba ipite."

"Nikishaanza shimo, mzee, namaliza."

Sururu iliinuka tena. Wacera alitaka kusema basi. Alimwona mama yake katika selo, ameketi sakafuni bila ukanda wala kitambaa. Aliona nyumba ikiwaka, ile ya zamani na hii ya sasa pamoja. Sururu ikashuka. Shimo lilimfika Barnabas magotini, naye akaingia ndani, akasimama, viatu vyake vizito juu ya pale.

Ni viatu vile vilivyomsukuma. Wacera hakujua alivyofika, lakini alikuwa ukingoni amepiga magoti, mikono yote miwili imeushika mpini wa sururu, na Barnabas akiuvuta kwa mshangao. "Mama, utaumia! Achilia!"

"Toka," Wacera alisema. Ilikuwa sauti ndogo. "Toka juu yake."

"Juu ya nini?" Ogutu aliuliza.

"Wacera!" Gatimu alikuwa akiteremka mbio, udongo ukiporomoka mbele yake. "Mtoto, kumbuka nilikuambia nini. Kumbuka mama yako."

Alikuwa amemkaribia kiasi cha kumgusa. Wacera aliutazama uso wake, kwa mara ya kwanza tangu utoto wake aliutazama moja kwa moja, akaona jasho asubuhi ile ya baridi, na mdomo unaotetemeka kama wake mwenyewe. Hofu yake haikupungua. Lakini sasa aliona hayuko nayo peke yake.

"Hapa hakuna maji, Bwana Ogutu," alisema. "Nilikudanganya. Hapa yupo kaka yangu. Anaitwa Muriithi, ni mwana wa Watiri. Mama yangu alimbeba mgongoni nami nikafuata, tukamzika mchana, na huyu mzee alikuwa amesimama pale juu na bunduki. Ukitaka kumpeleka mtu selo, nipeleke mimi. Lakini usipitishe maji ya choo juu yake. Na usimtoe kama jiwe. Nataka tumtoe sisi, kwa mikono, mama yake akiwepo, tumpeleke nyumbani."