Slopi Jo ya Mama Mkwe

Mama wakwe wengine huja na maneno. Mama mkwe wa Sibtain alikuwa anakuja na besimenti.

Besimenti yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa chini ya nyumba ya Bi Sughra kule Markham, ina zulia jipya, ina joto la kutosha, ina choo chake na mlango wake wa pembeni. Kasoro ilikuwa moja tu: dari ya besimenti ndiyo sakafu ya Bi Sughra. Ukikohoa huko chini, unaletewa tangawizi ya moto kabla hujamaliza kukohoa. Ukigombana na mkeo, unagongewa kisigino kutoka juu, ko ko ko, kama hakimu anayenyamazisha mahakama.

Sibtain alikuwa kijana wa Arusha, na maisha yake yote alikuwa mgeni wa mtu. Alikulia kwa baba yake mdogo, akasoma bweni, akafika Toronto akalala kwenye kochi la binamu yake mpaka mgongo ukachukua umbo la kochi. Hakuwahi kulala mahali ambapo akishafunga mlango, hakuna mtu mwingine mwenye ufunguo. Kwa hiyo kile chumba na sebule walichopanga yeye na Marziya pale St. James Town, ghorofa ya juu kabisa, jengo lenye lifti inayopanda kwa kubembelezwa, kwake kilikuwa Ikulu.

Lakini Bi Sughra alishatoa hukumu yenye masharti.

"Nyinyi hamli," alisema wiki iliyopita, akiwa amesimama mbele ya friji yao kama daktari mbele ya mgonjwa aliyechelewa kuletwa. "Marziya yuko duka la dawa mpaka giza, wewe uko kwenye kompyuta mpaka macho yanakuwa mekundu kama ya njiwa. Humu ndani mna nini? Limau moja na boksi la piza. Alhamisi nakuja kula. Nikikuta chakula kimepikwa humu humu, siku ya kazi, kama nyumba za watu, nitafunga mdomo wangu. Nikikuta boksi, Jumamosi nawaletea gari la kuhamia. Tumeelewana, baba?"

"Tumeelewana, mama."

Na Alhamisi, kama ilivyo desturi ya Alhamisi zenye mtihani, mambo yaliharibika mapema. Marziya, aliyeapa kupika yeye, alipiga simu kutoka kazini.

"Sib, mwenzangu anaumwa. Natoka saa moja."

"Saa moja! Mama yako anafika saa kumi na mbili!"

"So, pika wewe. Kima, ile nyama ya kusaga, iko kwa friji, mikate ya baga iko juu. Fanya slopi jo."

"Nifanye nani?"

Marziya alizaliwa Toronto. Kiswahili alikielewa chote, ila kukisema kulimtoka kwa vipande, kama baiskeli ya kukodi inayoruka mnyororo. Alieleza hivyo hivyo: unakaanga kitunguu na pilipili hoho, unatia kima, unamimina tomato sosi, haradali kidogo, siki kidogo, inakuwa nzito, unashindilia ndani ya mkate, basi. Shuleni kwao walikuwa wanakula kila mara. Nyumba za wenzake, siku za kazi, ndicho chakula chenyewe. "Hata mtoto anaweza. Oh, na sukari. Ile nyekundu, vijiko viwili."

"Sukari kwenye kima?"

"Yes."

"Marziya. Kwani tunapika chai?"

"Just do it, Sib!" Simu ikakatika.

Basi Sibtain akaingia jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, mtu akifungua oveni lazima atoke nje kupisha mlango wake, lakini Sibtain aliweza kutembea ndani yake kilomita nzima. Alikwenda kwenye friji, akarudi. Alikwenda dirishani kutazama chini, akarudi. Alifungua video ya mzungu mmoja mchangamfu aliyepika slopi jo akiwa anacheka, akaifunga, maana hakuna kinachomkera mtu mwenye wasiwasi kama mtu anayecheka na kitunguu.

Akakata kitunguu. Akakata hoho. Kima ikaanza kulia kwenye kikaango, na hapo mkono wake ukafanya jambo ambalo kichwa hakikuutuma. Mkono wa mtoto wa Kihindi wa Kihoja ukiona kima ndani ya mafuta, unajua njia yenyewe, kama punda wa maji. Sibtain alikuja kushtuka thum na tangawizi vimeshaingia, bizari nzima imeshaingia, na pilipili mbichi ya pili iko hewani njiani kushuka.

"Astaghfirullah," alisema, akaidaka.

Kilichokuwa kikaangoni sasa hakikuwa slopi jo hata kidogo. Kilikuwa kima ya Jumapili ya mama yake mdogo. Akamimina tomato sosi kwa nguvu ili aizamishe. Akatia haradali. Akatia siki. Akasimama na kijiko cha sukari, uso umemkunjamana kama mtu anayetakiwa kusaini talaka, kisha akafumba macho akatia. Kimoja. Cha pili akatia nusu, nusu nyingine akailamba mwenyewe ili apate nguvu.

Akaonja. Akaonja tena. Hakuweza kusema kama ni tamu au ni mbaya. Ulimi wake ulikuwa umeshika tasbihi tangu asubuhi, haukuwa na nafasi ya kazi nyingine. Moshi ukaanza kupanda kuelekea kile kidude cha darini kinachopiga kelele jengo zima likashuka ngazi. Akafungua dirisha. Baridi ya Januari ikaingia bila hodi. Akapeperusha taulo, akaruka, akapeperusha, na akiwa angali hewani, kengele ya mlango wa chini ikalia.

Saa kumi na robo.

"Nimewahi foleni," ilisema sauti ya Bi Sughra kwenye spika. "Ukichelewa kutoka Markham unazeekea barabarani. Nifungulie, baba, nimebeba kitu."

Alichobeba kilikuwa hotipoti. Kubwa, yenye maua, iliyofungwa kwa kitambaa. Sibtain aliipokea mlangoni akahisi uzito wa pilau. Akaelewa. Mama mkwe hakuja kuonja chakula chao. Alikuja akiwa na uhakika hakitakuwepo, akabeba dawa pamoja na cheti cha kifo.

Bi Sughra alivua koti, akavua viatu, akanusa. Pua yake ilikuwa ndefu, ya kuaminika.

"Nini hicho?"

"Chakula, mama."

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Wewe?" Alimtazama kuanzia kichwani, ambako kulikuwa na kipande cha hoho, mpaka miguuni. "Na dirisha umefungua ili chakula kikimbie au ukimbie wewe?"

Sibtain alicheka kicheko kifupi kisicho na mwenyewe. Akafunga dirisha. Akamkalisha. Akasimama. Akakaa, akasimama tena. Mgeni ameketi na mbele yake meza tupu, jambo hilo kwa malezi ya Sibtain ni aibu isiyosubiri saa. Mtu akikanyaga kizingiti chako, humuulizi ana njaa au hana, unaweka. Isitoshe, kadiri Bi Sughra alivyokaa bure, ndivyo macho yake yalivyozunguka: soksi ile, nyaya zile, ua lile lililokauka. Kila alichokitazama, Sibtain aliona zulia la besimenti likisogea hatua moja.

Akaona dawa ni moja. Akapasua mkate wa baga, akaupasha moto, akashindilia kima mpaka ikamwagika pembeni, akauweka kwenye sahani nzuri, ile ya harusi.

"Mama, karibu. Usimsubiri Marziya. Bismillah, kula ingali moto."

Bi Sughra aliitazama sahani. Akamtazama Sibtain. Akageuza uso akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa bado linang'ang'ania vioo vya jengo la jirani.

"Niletee chumvi," alisema.

Moyo wa Sibtain ukadondoka ghorofa zote mpaka kwenye maegesho. Haina chumvi! Ila Bi Sughra alikuwa hajaonja bado. Ndipo akakumbuka kwamba wakubwa wao huanza kula kwa chembe ya chumvi ulimini. Akaileta mbio. Bi Sughra akagusa chumvi kwa ncha ya kidole, akasoma bismillah yake taratibu, akainua ule mkate kwa mikono miwili, akauma.

Hapo hapo simu ya Sibtain ikatetemeka. Ujumbe wa Marziya.

*Mama yuko njiani. Usimpe kitu kabla ya magharibi!! Amefunga. Ni Rajabu, remember?*

Sibtain hakukumbuka. Miezi yote ya mwaka huu ilikuwa imemwingia ikiwa na jina moja tu, Theluji. Lakini hilo jambo msikiti mzima ulilijua: Alhamisi za Rajabu Bi Sughra hafungui kinywa mpaka jua lizame, hata aitwe na nani. Na sasa yuko mbele yake, anatafuna, tone la sosi kidevuni, saa kumi na nusu mchana.

Kuna aina ya jasho linalotoka masikioni. Sibtain alilijua siku ile.

Labda amesahau, aliwaza. Na kama amesahau, basi analishwa na Mola wake, funga yake iko salama, na mimi nikimkumbusha nitakuwa nimemnyang'anya riziki ya bure mdomoni. Ninyamaze. Lakini nikinyamaza, Marziya akija atasema nimemfungulisha mama yake kwa kima yenye sukari. Niseme. Lakini nikisema, yeye atajua kwamba nyumba hii haijui hata mwezi ulio angani. Na watu wasiojua mwezi, si wanahitaji kuwekwa chini ya sakafu ya mtu anayejua? Alikwenda jikoni. Akarudi. Akaenda tena, akafungua bomba, akalifunga, akarudi.

"Kaa chini," alisema Bi Sughra. "Unanitia kizunguzungu."

Akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama."

"Mm."

"Leo ni Alhamisi."

"Najua."

"Alhamisi ya... Rajabu."

"Sibtain, kula."

Sibtain hakula. Alikuwa amemkodolea macho. Bi Sughra akashusha mkate, akajifuta kidevu, akapumua kwa pua kama mwalimu aliyefundisha darasa hilo hilo miaka mingi.

"Mwanangu, mama yako hakukufundisha? Funga ya sunna, ukialikwa na muumini nyumbani kwake, unakula. Na husemi kama ulikuwa umefunga, usije ukamvunja moyo. Thawabu yake ni kubwa kuliko ya kufunga. Lakini mwenye nyumba ndiye anayealika, sikiliza vizuri. Siyo mtoto anayemkaribisha mama yake. Wewe umenikaribisha kwako, ukaniambia bismillah. Nilikuwa na la kufanya? Nimekula. Na ningekula kimya kimya, thawabu zangu zote, kama usingeanza kunitajia kalenda."

"Sasa zimepungua?"

"Nusu zimeingia kwenye simu yako."

Sibtain hakujua acheke au aombe radhi, akafanya vyote viwili kwa pamoja, ikatoka sauti kama ya mbuzi. Kilichomwingia kichwani, polepole, kilikuwa neno moja. Kwako. Mwenye nyumba. Bi Sughra amelitamka kwa mdomo wake mwenyewe, akaitolea funga yake, na sosi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Na hii," aliendelea, akiugeuza mkate kuukagua, "siyo chakula cha kizungu. Hii ni kima iliyovaa suti. Nani kakwambia utie sukari?"

"Marziya."

"Angalau. Nilidhani umechanganyikiwa peke yako." Akauma tena. "Thum imekaa. Pilipili imekaa. Sukari nimeisamehe. Kuna mwingine?"

Akampa wa pili. Alipoona Bi Sughra anatoa simu kwenye mkoba, Sibtain alijua ni gari la kuhamia, moyo ukaanza upya.

"Taki?" Bi Sughra alisema kwenye simu. Taki alikuwa mtoto wa dada yake, mwanafunzi. "Ile besimenti unaitaka bado? Njoo uitazame Jumamosi. Hapana, hawa hawaji. Wana kwao." Akakata, akarudi kwenye sahani kana kwamba ameagiza mkaa tu.

Sibtain alitaka kusimama akimbie ukumbini, apige kelele kwenye lifti. Alibaki ameshikilia meza.

"Mama, ahsante sana. Wallahi sijui niseme nini."

"Usiseme. Ukisema unaharibu, tumeshaona." Bi Sughra alimaliza, akagusa tena chumvi kwa kidole, akainuka akaingia jikoni na sahani yake. Sibtain alimsikia akifungua kabati. Akasikia vikombe vikisogezwa.

"Lakini nyumba ile ni kubwa kwa kufuturu peke yangu," sauti ilitoka jikoni, haina mzaha sana sasa. "Taki atakuwa na vitabu vyake. Basi Alhamisi nitakuwa nakuja hapa. Ila safari nyingine usinialike kabla ya jua kuzama."

"Karibu, mama! Karibu sana. Alhamisi za Rajabu zote."

"Na Shaabani nafunga."

"Na Shaabani."

"Ramadhani ndiyo usiulize. Ikiisha, nina zile sita za Shawwali. Halafu Jumatatu nazo nilikuwa nimeziacha kwa sababu ya uvivu tu."

Sibtain alifika mlango wa jikoni. Mama mkwe wake alikuwa amesimama mbele ya kabati, amekwishapanga vikombe upya, vikubwa nyuma na vidogo mbele, na mkononi ameshika kile cha bluu chenye mshikio mnene, ambacho Sibtain alikinunua mwenyewe siku walipopewa funguo.

"Hiki," alisema Bi Sughra, "ndicho changu."