Motokaa Isiyokauka

Treni ilikuwa imeshaanza kujikokota, na Bwana Kikohozi bado anatoa amri dirishani. Jina hilo alipewa na wapagazi wa stesheni ya Dodoma, maana hakuweza kumaliza maneno yake bila kukohoa vumbi la Ugogo. Jina la kwao Ulaya lilikuwa refu na gumu, hakuna aliyelijaribu.

"Kesho mchana narudi na mgeni mkubwa," alisema, na Matonya akawa anakimbia sambamba na behewa ili asikose neno. "Mgeni atapanda motokaa. Motokaa ing'ae. Iking'aa, wewe kwenda kwako kupanda mbegu. Isipong'aa, mnyororo."

"Ndiyo, Bwana."

"Rangi imekauka?"

"Inakauka, Bwana."

Treni ikamchukua Bwana na kikohozi chake. Hassani, nyapara wa karakana ya boma, mtu wa Kondoa, alibaki amesimama wima, mkono pajini, katika kanzu mpya nyeupe, akiuheshimu moshi.

"Inakauka kweli?" aliuliza bila kugeuka.

Matonya alisugua kidole pajani. Alikuwa ameigusa alfajiri, na kidole chake kilikuwa bado kinanata.

Alikuwa mtu wa Ihumwa huyu Matonya, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Jumbe alimtoa baada ya mavuno, yeye na wenzake, waje kufanya kazi ya serikali kwa kuwa kodi ya vibanda haikutimia. Wenzake walivunja kokoto, wakamaliza muda wao, wakarudi. Yeye alikuwa amemaliza vile vile, ila siku ile ya kuondoka ilishuka motokaa kutoka kwenye treni, ya kwanza kuonekana mji ule, imechubuka rangi ubavuni kwa safari ya baharini, na kutu imeshaanza kula chuma. Bwana akamnyooshea kidole yule aliyekuwa karibu. Basi. Hivyo ndivyo mtu alivyokuwa anageuka fundi wa rangi zama zile.

Sasa mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mashariki. Ugogo mvua haina adabu ya kungoja mtu. Ukiwa hujaweka mbegu ardhini kabla maji ya ile ya kwanza hayajakauka, mwaka umekupita, utakula majani ya mlenda hadi macho yageuke kijani. Matonya alikuwa na mke na watoto, na jembe la nyumba ile lilikuwa linashikwa na mtu mmoja.

Walipoingia karakana waliikuta motokaa inang'aa. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake: ilikuwa inang'aa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kupakwa mafuta, lakini mng'ao wenyewe ulikuwa wa maji maji. Vumbi la usiku kucha lilikuwa limeganda juu yake kama unga juu ya ugali. Nzi walikuwa wamekwama. Kwenye mlango, kuku wa mpishi wa boma alikuwa ameacha manyoya yake yote ya shingo.

Hassani aliweka kidole, akakivuta, rangi ikafuata kama uzi wa asali.

"Umetia nini humu?"

"Rangi ilikuwa nzito kama udongo. Ulisema niilainishe kwa mafuta."

"Mafuta ya kitani, yanayokauka. Yale ya kwenye debe."

"Debe ulilonipa lilikuwa tupu, nikakwambia. Ukasema mafuta ni mafuta, tafuta yoyote."

"Ukatafuta yapi?"

"Ya nyonyo."

Hassani akafumba macho. Lakini usimcheke Matonya haraka. Mgogo hajui kinga iliyo bora kuliko nyonyo. Ngao ya ngozi inapakwa nyonyo na ngeu, udongo ule mwekundu, na mvua inateleza juu yake. Mpini wa mkuki unapakwa. Ngozi ya mtu mwenyewe inapakwa, na upepo wa kiangazi hauipasui. Wazee wake wote walikinga kila walichokithamini kwa mafuta hayo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaka kikauke. Nyonyo inakaa. Hiyo ndiyo kazi yake. Nani angemwambia kwamba chuma cha Mjerumani kinataka mafuta yanayokufa juu yake na kugeuka ganda?

"Nitasema ulitia mafuta ya wanawake," Hassani alisema.

"Sema."

"Utafungwa."

"Nitafungwa. Watauliza ya kitani yalikwenda wapi, nami nitasema sijui. Halafu sijui watamwuliza nani. Mwenye ufunguo wa stoo ni nani?"

Hassani aliitazama kanzu yake mpya. Boma zima lilijua kwamba Mgiriki mwenye kandarasi ya reli alikuwa na milango mipya ya mbao na mafuta ya kuipaka, na kwamba Hassani aliingia Idi amevaa vizuri. Kiboko cha hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano, hakichagui nyapara.

"Bwana wee, umetufikisha pabaya," alisema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Tumefika wote."

Zipora aliwakuta hivyo, wamekaa pande mbili za motokaa kama watu waliofiwa. Huyu mke wa Matonya alikuwa ametoka Ihumwa na kibuyu cha togwa kichwani, mtoto mgongoni. Ni yeye aliyeleta yale mafuta siku ile, akiambiwa ni ya kazi ya Bwana.

"Mbukwa," alisalimu.

"Mbukwa, mama Sila. Za nyumbani?" Matonya aliitikia.

"Nyumbani wanapanda. Kwa kina Anyesi wamemaliza shamba la chini. Kwetu nimefika kwenye kichuguu, peke yangu." Akaizunguka motokaa, akalichomoa nyoya moja, akalitazama juani. Kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika na mtoto anatikisika naye. "Baba Sila, mmemtoa mwali. Bado shanga."

"Zipora, usicheke. Wakinifunga hutanicheka."

Akaacha kucheka. Aliweka kibuyu chini.

"Kibuyu cha mafuta ukitaka kukiwekea maziwa unakifanyaje?" aliuliza.

"Naona mnakisugua kwa majivu na maji ya moto."

"Na mafuta yakikataa?"

"Magadi."

"Sasa mnalia nini?"

Hassani akainuka. Alivua kofia, akaivaa tena. "Majivu yako jikoni kwa mpishi," alisema. "Magadi yapo kwa wanawake wa Bahi pale sokoni. Lakini mkiitoa hiyo rangi, nyingine mtailainisha kwa mafuta gani?"

Matonya aliitazama ile kanzu mpya, mpaka mwenyewe akaangalia pembeni. Hassani akatoka, kanzu inapepea.

Zipora aliyafuata majivu na magadi, wakasugua, yeye na mumewe. Maji ya moto na majivu na magadi, kwa matambara ya magunia, kuanzia juu kwenda chini. Ilitoka kama kamasi, nyeusi, pamoja na nzi wake. Magadi yalikula viganja vyao mpaka vidole vikakunjamana vyeupe, na pale walipozidisha yalikula hata rangi ya zamani, ile iliyotoka nayo Ulaya, chuma kikachungulia. Hapo Matonya aliacha kusugua. Alikuwa ameitwa kuziba mchubuko mmoja ubavuni, na sasa motokaa nzima ilikuwa uchi.

"Usisimame," Zipora alisema. "Chuma kikikaa na maji unajua kinavyofanya."

Waliikausha kwa majani makavu, wakaisugua tena kwa majani ya msasa, yale makali kama ulimi wa ng'ombe, mpaka ikawa laini na haina mng'ao hata kidogo. Matonya alimwaga maji sakafuni vumbi lilale, akatundika magunia mabichi mlangoni upepo usiingie nalo.

Hassani alirudi jua limepita utosi. Alikuwa na debe la mafuta ya kitani, si tele, nusu. Na alikuwa amevaa kanzu yake ya zamani, ile yenye kiraka begani. Hakuna aliyemwuliza. Zipora alimsogezea togwa, akanywa akiwa amewapa mgongo.

Rangi nzito iliyosalia Matonya aliilainisha kwa mafuta hayo, na safari hii aliipaka nyembamba mno, brashi karibu kavu, akiivuta mpaka ikakaribia kwisha ndipo anachovya tena. Hassani alimshikia debe. Nyapara kumshikia mtu wa kazi debe, hilo halijapata kuonekana bomani. Jioni ilipoingia, rangi ilibaki kidogo kwenye ncha ya brashi, na motokaa ilikuwa nyeusi yote, bila mng'ao wa kunata.

Zipora hakungoja. Alifunga mtoto mgongoni, akachukua kibuyu kitupu.

"Kesho?" aliuliza.

"Kesho nakuja."

"Nitakuachia upande wa mtoni. Udongo wake mzito, mimi umenishinda."

Kesho yake motokaa iling'aa, na kidole hakikunata. Matonya aliigusa kila mahali, kisha akaigusa tena. Mchana treni ikaingia, akashuka Bwana Kikohozi, na nyuma yake mgeni, mzee mnene mwenye glavu nyeupe. Mgeni alipitisha glavu juu ya mlango wa motokaa, akaigeuza kiganja juu, akaitazama. Nyeupe.

"Kazi maridadi," Bwana alisema. "Nani amefanya?"

"Mimi, Bwana," alisema Hassani. Kisha akamwonyesha Matonya. "Na huyu hapa."

"Huyu ana mkono mzuri. Huyu hatakwenda. Mabehewa yote yapakwe rangi, na madirisha ya boma."

Matonya alisogea mbele hatua moja. "Bwana ulisema iking'aa nakwenda kupanda."

"Nilisema kazi ikiisha."

"Hukusema hivyo, Bwana."

Askari waliokuwa karibu waliangalia chini. Bwana alikohoa kwa muda, akafuta mdomo kwa leso, na alipomaliza alikuwa amekwisha kumsahau. Walipanda motokaa, yeye na mgeni, ikaondoka kwa kishindo kuelekea bomani, na watoto wa mji wakiifuata mbio.

Matonya alimkabidhi Hassani brashi.

"Unakwenda wapi?" Hassani aliuliza.

"Upande wa mtoni."

"Watakufuata."

"Najua."

"Basi pita nyuma ya stoo," Hassani alisema, "mimi sijakuona."

Alifika Ihumwa jioni. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku ule. Askari wawili walimfikia kesho yake shambani, amebakiza kipande cha kama kivuli cha mti mmoja. Aliwaomba wangoje amalize. Mmoja alikataa. Mwenzake, Bashiri, mtoto wa wakulima wa Kondoa, alikaa juu ya kichuguu, bunduki mapajani, akasema yeye miguu inamuuma. Wakangoja. Matonya alipomaliza alikung'uta jembe, akampa mkewe, akanyoosha mikono wamfunge.

Alipigwa hamsa ishirini mbele ya boma, akatiwa mnyororoni, akapaka mabehewa akiwa na mnyororo shingoni. Vita ilipokuja alichukuliwa kubeba mizigo kuelekea kusini, na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari alikofia. Hassani alibaki nyapara mpaka Waingereza walipoingia, nao wakamfanya nyapara. Bashiri aliumia mguu vitani, akarudi kwao kulima vitunguu. Bwana Kikohozi alitekwa, akapelekwa mbali. Motokaa ilikwama katika mchanga wa mto kwenye njia ya Kondoa. Watu wakayang'oa mabati yake, wakatengeneza vikaango. Zipora alivuna uwele mwaka ule wa motokaa, wa kutosha. Njaa kubwa ya Mtunya ilipokuja, vita ikielekea mwisho, ilimchukulia watoto wawili. Sila alibaki. Alipokua, Waingereza walimdai kodi ya baba yake.