Kiuno cha Kabagwira

Miaka arobaini Mzee Usumani ameshona nguo Nyamirambo bila daftari la vipimo. Mabega, kifua, urefu wa mkono, vyote anavyo kichwani, na hujigamba navyo mpaka wateja wachoke. Lakini siku hizi wasiwasi ulikuwa unamla mkewe, Kabagwira. Juzi tu mzee alimshonea bwana harusi suruali iliyoishia magotini, na alipoulizwa akajibu kwamba ndio mtindo. Mtu wa namna hiyo utamjuaje, amesahau au anatania?

Ndipo akaja Natacha, binti mtafiti, mpole, Kiswahili amejifunza ukubwani. Akaeleza kwamba huenda bakteria wa tumboni wana mkono katika ugonjwa wa kusahau, tangu unapoanza. Bado wanachunguza, kwa hiyo asilaumiwe mtu, wala sambusa.

"Basi mzee, tunaomba choo yako kidogo."

Usumani alimtazama juu ya miwani. "Choo yangu iko kule nyuma ya nyumba, binti. Lakini hiyo kidogo nikate wapi, mlangoni ao kwenye bati?"

Natacha aliona haya mpaka akaangusha kalamu. Kabagwira naye aliangua kicheko, kisha akakikatiza ghafla. Mzee alikuwa amesimama kweli, mkasi mkononi.

Kikopo cha Natacha kilijazwa, tusiulizane vipi, na Natacha akaenda zake. Majibu yangechukua miezi. Kabagwira hakuwa na moyo wa kungoja hata mpaka alasiri, akatandaza kitenge kipya mezani.

"Baba Ilyasi, nishonee gauni. Kiuno changu unakikumbuka?"

Usumani hakuigusa hata futi iliyoning'inia shingoni. "Nitakisahau vipi? Sentimita sitini na nne."

Sitini na nne! Gauni la Idi alilomshonea mwaka huu lilikuwa tisini na nane, tena likibana. Sitini na nne kilikuwa kiuno chake alipokuwa bi harusi, enzi zile.

Kabagwira alimtazama mdomoni, akitafuta lile tabasamu ambalo mumewe hajawahi kuweza kulificha. Hakuliona. Mzee alikuwa ameinama, anachora kwa chaki, taratibu, kwa heshima zote. Mkasi ukaingia kwenye kitenge.

Kabagwira aliogopa sana, akampenda sana, akavuta tumbo ndani.