Mchezo wa Chini-Juu

“Nasukuma,” Baba akasema, na mkahawa mzima ukageuka kututazama.

Marcel, fundi mwashi aliyekuwa akicheza upande wa pili, aliacha sigara yake ijiunguze yenyewe mdomoni. Mjomba Pius, mwenzi wa Marcel mezani, aliinua macho akamtazama shemeji yake kana kwamba amemwona akitoka nje bila suruali. Mimi nilikuwa nimeketi mkabala na Baba, aproni kiunoni, karata mkononi, na nilielewa kuliko wote kilichokuwa kimetokea. Kanis Riedo, mwenye mkahawa wa Tai Mweupe, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumwachia mwenziwe achague turufu, alikuwa ameniachia mimi.

Nalikumbuka hilo kila nikirudi Fribourg kuzuru. Siku hizi naishi Lausanne, nimestaafu uhakimu, na watu wa kule hunidhania mpole kwa sababu ya mvi. Nikishuka mji wa chini, nikaingia Tai Mweupe na kuketi kwenye meza ile ya dirishani, miguu yangu hukumbuka kabla ya kichwa. Hapo ndipo nilipopewa maisha yangu, na nilipewa na mtu asiyependa kutoa.

Mchezo wetu huchezwa na watu wanne, wawili wawili, kila mmoja akikabiliana na mwenziwe. Mwenye zamu huchagua turufu. Akiona karata zake hazifai, anaweza kumsukumia mwenziwe uamuzi, na hakuna aibu katika kufanya hivyo. Kwa Baba ilikuwa aibu. Alikuwa radhi achague vibaya na kufungwa mchana kutwa, mradi tu amechagua yeye. Marcel alizoea kusema kwamba Kanis angekuwa nahodha, angezama na meli huku akiisifu.

Ilikuwa Septemba, wiki ya sikukuu ya mavuno. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nilitaka kusoma sheria katika chuo kikuu kilicho juu kule kilimani. Sikuwa na shaka hata chembe kwamba naweza. Niliwahi kuwahudumia wanasheria wa mji wa juu divai, nikawasikia wakibishana, nikajua kwamba mara nyingi ningewashinda nikiwa bado na sinia mkononi. Kilichokosekana ni ruhusa ya Baba. Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu hapo mimi ndiye niliyepika, niliyehudumu, niliyefunga milango na kuificha chupa ya Baba anapozidisha.

“Tutalizungumza mjomba wako akija,” ndilo lilikuwa jibu lake.

Mjomba Pius, kaka wa Mama, alikuwa mfugaji katika vijiji vya ng’ambo ya mto wanakosema Kijerumani. Alitutembelea mara moja tu kwa mwaka, kwenye sikukuu hiyo, akinukia ng’ombe na sabuni. Baba alitegemea kwamba mkulima kama yule angemuunga mkono. Asubuhi ile Mjomba alifika, akavua kofia, akaivaa tena.

“Kabla hatujala,” akaniambia, “nionyeshe hiyo shule.”

Tukapanda kile kigari cha kamba kinachotoka mji wa chini kwenda wa juu. Kinaendeshwa kwa maji machafu: gari la juu hujazwa maji taka ya watu wa juu, likishuka kwa uzito wake linalivuta letu. Mjomba aliziba pua akacheka.

“Kwa hiyo mabwana wakubwa wakienda chooni, ninyi mnapanda?”

“Ndiyo njia pekee wanayotusaidia, Mjomba.”

Chuoni alitembea polepole kwenye korido, mikono nyuma, kama anayekagua zizi la jirani. Alimuuliza bawabu jambo kwa Kijerumani, bawabu akamjibu kwa Kifaransa, wakaendelea hivyo kwa muda na kuagana wakiwa marafiki. Huko juu kila lugha ilikuwa na mlango wake na mhadhara wake. Kwetu chini tulizichanganya zote mbili katika sentensi moja, na watu wa juu wakatuita washenzi.

“Banda zuri,” Mjomba akasema hatimaye. “Lina mwanga. Sasa ukishazijua hizo sheria, utazifanyia nini?”

“Nitawauliza waliozitunga kwa nini Mama amekufa bila kupiga kura hata mara moja.”

Wakati ule wanawake wa nchi yetu walikuwa bado hawana kura. Tukarudi uani mwa chuo, Mjomba akanigeukia.

“Baba yako anaogopa nini?”

“Mkahawa mtupu.”

“Basi mimi sitamwamulia,” akasema. “Kanis ukimvuta, anakaza miguu kama ndama. Lakini kwa kukuona wewe, mtoto wa dada yangu, sina wasiwasi. Tukale.”

Nilikasirika. Nilikuwa nimempandisha mlima mzima ili anitetee, naye anazungumzia chakula! Nikamwandalia nyama ya nguruwe ya moshi na mapeari yaliyopikwa kwa sukari bila kumsemesha, naye akala kwa furaha isiyo na haya.

Baada ya kula, meza ya dirishani ikasafishwa kwa ajili ya karata. Mwokaji mikate, ambaye siku zote alicheza na Baba, alikuja akiwa amevimba taya kwa jino, akageuza kurudi kitandani. Wateja wengine walitazama vikombe vyao. Hakuna aliyetaka kuwa mwenzi wa Kanis Riedo, kwa sababu mwenzi wake alikuwa mtu wa kulaumiwa tu.

“Odile, keti,” Baba akasema. “Cheza, usiongee.”

“Eh! Leo tunacheza na aproni,” Marcel akadakia.

“Aproni hii ndiyo inayokuletea divai, Marcel. Chunga mdomo,” nikamjibu.

Tulifungwa vibaya. Baba alichagua turufu kila zamu ilipomfikia, na kila mara alichagua kwa kiburi kuliko kwa akili. Kwenye kibao, Marcel aliandika alama zao kwa chaki huku akipiga mluzi. Zilibaki raundi chache tu washinde. Ndipo Baba alipozitazama karata zake kwa muda mrefu, akanitazama mimi, na kusema lile neno.

Nikatazama zangu. Takataka tupu: sita mbili, saba, nane, hakuna hata mfalme mmoja. Mtu yeyote wa mji wetu angeona mkosi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Mama.

Kwao Mama, ng’ambo ya mto, kuna namna ya kucheza tusiyokuwa nayo sisi. Wanaiita chini-juu. Hakuna turufu, na ngazi yote inageuzwa: sita inakuwa ndiyo kubwa, na ree, karata inayotawala siku nyingine zote, inakuwa ndogo kuliko zote. Mama alinifundisha jikoni, tukisubiri mapeari yaive. Baba aliuita mchezo wa wachunga ng’ombe. Baada ya mazishi alitangaza kwamba hataki kuusikia tena nyumbani mwake, na hakuna aliyewahi kuutaja.

Ningeweza kusema kopa. Tungefungwa salama, Baba angenuna kidogo, na jioni ningemwomba ruhusa yangu kama binti mwema. Nikiutaja mchezo wa Mama, ningekuwa nimemgusa kidonda mbele ya watu, siku ile ile niliyohitaji neno lake moja. Niliogopa, sitaki kudanganya. Lakini alikuwa ameniachia nichague, na mimi sikujua kuchagua nusu nusu.

“Chini-juu,” nikasema.

Marcel akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Mjomba Pius aliinamisha kichwa. Uso wa Baba uliiva wekundu kuanzia shingoni, na nikajua nimeharibu.

Kwa kanuni zetu, aliyesukuma ndiye anayeanza kutupa. Baba alishika karata moja, akaitoa hadi nusu. Niliona pembe yake: ree ya shupaza, karata yake pekee nzuri, ile ambayo mkono wake ulikuwa umezoea kuitanguliza miaka yote. Akiitupa hiyo, tumekwisha. Nilitamani kupiga kelele, lakini nilikuwa nimeambiwa nisiongee.

Akairudisha. Akachomoa nyingine, akailaza mezani taratibu.

Sita ya kopa.

Hakuna aliyemweleza. Hakuuliza chochote. Akafuatisha sita ya pili, kisha saba, kisha akanitupia karata niliyoweza kuila, na mimi nikamalizia kwa sita zangu. Wafalme wa Marcel walianguka mmoja baada ya mwingine kama vyombo kutoka kabatini. Hatukuwaachia hata mzunguko mmoja.

“Huu ni wizi,” Marcel akalalamika. “Kanis, tangu lini unaujua mchezo huu?”

Baba alikuwa akizipanga karata.

“Tangu nilipokuwa namchumbia,” akasema. “Nilikuwa navuka mto kila Jumapili kwenda kwao. Mbele ya baba yake, mbele ya huyu Pius hapa, alinifunga kila Jumapili. Nilidhani akishaolewa atanionea huruma.” Akajifuta macho kwa kiganja bila kujificha. “Hakunionea huruma hata siku moja.”

“Hata mimi hakunihurumia,” Mjomba akasema.

Baba aliinuka, akaingia jikoni. Nilimsikia akifungua kabati na kulifunga. Aliporudi alikuwa amebeba mkate wa zafarani wa sikukuu na kisu. Siku zote kazi hiyo ilikuwa yangu. Akakata vipande vinene, akavipaka siagi na haradali tamu, akaanza kunigawia mimi, kisha Mjomba, kisha Marcel.

“Marcel,” akasema, macho kwenye mkate, “dada yako Yvonne bado anatafuta kazi?”

“Anatafuta.”

“Anaamka mapema?”

“Kuliko kuku.”

“Mwambie aje Jumatatu.” Akafuta kisu kwenye taulo, upande mmoja, kisha wa pili. “Odile atakuwa na shughuli huko juu.”

Marcel alinitazama aproni. Mjomba Pius alitafuna polepole, kisha akazikusanya karata zote na kuzisukuma mbele yangu.

“Haya, mwanasheria,” akasema. “Zamu yako kugawa.”