Watu Watatu Kurudi

Mpango wa safari ulikuwa umeandikwa kwa penseli ya useremala juu ya kipande cha ubao, na Malimi alikuwa ameuegemeza ukutani, mahali ambapo zamani mkewe aliweka taa. Jumamosi, siku ya Uhuru. Saa kumi na mbili asubuhi, kuondoka Kigongo. Saa mbili, kuingia mtoni. Saa tano, ukweni. Kula, kuzungumza. Saa nane, kushuka. Na chini kabisa, kwa herufi alizozikoleza mara mbili: watu watatu kurudi.

Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni jirani yake Seif, fundi cherehani, ambaye angekuwa msemaji, maana mwanamume hamfuati mke kwa wakwe bila mtu wa kumsemea. Wa tatu ni Odeta mwenyewe, aliyeondoka tangu mwezi wa tatu. Safari nzima ilikuwa kwa ajili ya huyo wa tatu. Mengine yote, pamoja na ratili nne za sukari za mama mkwe, yalikuwa mapambo tu.

Tuseme ukweli, mtu huyu alikuwa mpweke. Binti yao Tereza aliolewa Musoma, na nyumba ilibaki na sauti ya randa peke yake. Miezi tisa sasa alikuwa akisonga ugali wa watu wawili, kisha anaukasirikia ukibaki.

Kosa lake alilitafuta kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa. Hakumpiga Odeta, hakuwa mlevi, hakuleta mwanamke mwingine. Walikwenda arusini, basi, naye kama kawaida yake akasimulia jinsi alivyovuka peke yake hadi kisiwa cha Kome siku ya upepo mkali, kwa mtumbwi alioushona kwa mikono yake. Mtu mmoja akamwuliza Odeta alikuwa wapi siku hiyo. Malimi akamjibia: "Alikuwa amekaa tu nyuma." Watu wakacheka. Odeta akaweka sahani yake chini. Wiki iliyofuata akaenda kwao kumsaidia mama yake shamba, hakurudi tena, na katika vitu vyote vya nyumba ile alichukua khanga zake na kibuyu cha kukumbia maji yanayoingia mtumbwini. Habari ya kibuyu Malimi hakuielewa kabisa. Kwao Odeta hakuna hata mtumbwi.

Alhamisi alimfuata Seif barazani. Seif alikuwa amezama katika vitambaa vya kijani na vyeusi, na wanawake wanne wamemsimamia wakidai magauni yao ya sherehe.

"Jumamosi?" Seif alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Fundi, Jumamosi lori la ushirika linatuchukua sote, tunakwenda Mwanza mjini. Una safari gani siku kama hiyo?"

"Nilitaka unisindikize ukweni. Kwa mtumbwi, tupande na ule mto mdogo."

"Wewe wa kusindikizwa? Mtu aliyefika Kome peke yake, leo anaogopa kamto ka kuoshea vyombo?"

Wanawake wakacheka. Malimi akafungua mdomo. Mtumbwi wa kushona huvuja, ndivyo ulivyo. Uzibe utakavyo, maji yatapenya kwenye matundu ya kamba, na ndiyo sababu hubeba watu wawili, mmoja wa kupiga kafi na mmoja wa kukumba maji. Angeweza kusema hivyo na kila mtu angeelewa. Lakini swali la pili lingekuwa nani alikumba siku ile ya Kome, na wanawake wale wote walikuwa wakisikiliza.

"Nilikuwa natania," alisema.

Alimjaribu na Ngosha, mpasua mbao mwenzake. Ngosha alikuwa na ngoma yake ya kucheza Mwanza, naye pia akamkumbusha Kome. Malimi hakuuliza mtu wa tatu.

Jumamosi lori liliondoka likiimba. Kigongo ikabaki na mbuzi, na Malimi akabaki akisukuma mtumbwi majini, sukari mapajani, kopo tupu la rangi la kukumbia miguuni. Ziwani mambo yalikwenda. Lakini mvua za Desemba zilikuwa zimeujaza mto, na mto mdogo ukijaa hauna adabu. Alipiga kafi mara kumi, akasimama kukumba, maji yakamrudisha. Akapiga tena kumi, akakumba, akarudishwa. Mkuyu mmoja wa ukingoni aliupita mara tatu.

Mara ya tatu, bila kufikiri, alisema kwa sauti, "Kumba, yamenifika kifundoni," kisha akageuka. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na ubao mtupu wa kukalia, umesuguliwa ukang'aa na miaka ya mtu mmoja. Ndipo akakumbuka sauti ya safari zake zote, kibuyu kikigonga ubao, ko, ko, ko, toka alfajiri hadi wanatia nanga. Miaka ishirini alidhani hiyo ni sauti ya ziwa. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na hapakuwa na wa kumwona.

Alifika saa tisa, mikono imechubuka, sukari imekuwa maji. Odeta alikuwa mtoni akiosha jembe. Alimtazama, akatazama na ule mtumbwi uliojaa maji nusu.

"Karibu, Baba Tereza. Nani amekukumbia?"

"Hakuna mtu."

"Na msemaji wako yuko wapi?"

"Sina."

"Basi sema mwenyewe."

Hotuba aliyomwandalia Seif ilikuwa nzuri, ina mifano na pole za kutosha. Yote ilimtoka kichwani.

"Siku ile ya Kome," alisema, "hukuwa umekaa."

Odeta akaendelea kuosha jembe hata baada ya jembe kuwa safi. "Hapana," alisema mwishowe. "Sikuwa nimekaa."

Akapanda nyumbani. Malimi alidhani amekwenda kufunga mzigo, akaanza kumpangusia mahali pa kukaa kwa shati lake. Odeta alirudi na kibuyu peke yake, akakiweka juu ya ubao ule.

"Ondoka kabla jua halijazama. Kopo halifai, mdomo wake ni mwembamba."

"Hatuendi wote?"

"Hayo uliyosema umeniambia mimi tu," alisema Odeta. "Mimi nilikuwa nayajua."

Kushuka hakukuwa na kazi. Mto ulimbeba, naye akakumba maji njia nzima, ko, ko, ko.

Jumatatu barazani kwa Seif watu walijaa, wote sauti zimekauka kwa kuimba. Seif alimwona akipita. "Haya, shujaa wa Kome! Kamto kalikushinda?"

Malimi akasimama. Safari hii wanawake walikuwa sita.

"Kome sikwenda peke yangu, Seif. Mke wangu alikaa nyuma akikumba maji kutwa nzima, la sivyo ningezama. Peke yangu nimekwenda juzi, na kamto hako kamenirudisha mara tatu."

Seif akainua mguu kwenye cherehani. Hakuna aliyecheka. Malimi akawaaga, akaenda nyumbani, akatundika kibuyu juu ya ule ubao wa safari, kisha akapima unga wa mtu mmoja.