Nyumba Isiyojibu

Mwanangu ni dereva wa lori, na mtu akiendesha lori miaka mingi huanza kuiona dunia nzima kama mahali pa kugeuzia. Mpeleke harusini, hamtazami bibi harusi; anatazama geti. Mke wake, mkwe wangu, ni mwuguzi wa zamu za usiku. Akifika nyumbani asubuhi anatafuta kitu kimoja tu, usingizi, na ole wake atakayeangusha sufuria. Mimi ndiye mama yao. Nimesoma mpaka darasa la saba, tena hilo la saba nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Tulipoanza kutafuta nyumba ya kununua, wao walisema wazi wanachotaka. Changu sikumwambia mtu.

Wewe nitakuambia. Nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye.

Usicheke. Katika nyumba tuliyokuwa tumepanga, upande wa pili wa ukuta alikaa mshonaji mmoja niliyemwita Bi Sindano. Asubuhi nikitoka uani na chai yangu, nasikia: "Umeamka? Nilidhani leo tutapumzika." Nami najibu: "Nilikuwa naota nakuzika, ndiyo maana nimechelewa." Hapo siku imeanza. Tuligombana juu ya maji ya kufulia, juu ya paka wake, juu ya moshi wangu, na zaidi juu ya umri, maana kila mmoja alishikilia kwamba mwenzake ndiye mkubwa. Nikiugua alikuja na uji, akawa ananinywesha huku ananitukana. Kisha mjukuu wake akaja kumchukua wakaishi pamoja mbali huko. Siku ya kuondoka alianza kunifokea kwamba nimeegemea mizigo yake, akaliacha neno katikati, akapanda gari. Tangu hapo nikawa naongea na birika. Nalo hunijibu likichemka tu.

Basi mwenye nyumba akaja, anaitaka nyumba yake, binti yake anaolewa. Mwanangu akasema tumechoka kupanga, tununue. Akiba walikuwa nayo, nami nikaongeza fedha ya kiwanja alichoniachia marehemu baba yake. Kwa ajili hiyo mwanangu akatamka mbele ya mkewe: "Nyumba hatununui mpaka wote watatu tuseme ndiyo." Alisema kwa adabu, na adabu hiyo ilimtokea puani.

Dalali wetu nilimpa jina la Bwana Mandhari. Kila alipotufikisha alinyoosha mkono na kusema, "Tazama mandhari, Mama," hata kama mbele yetu kuna tangi la maji na kamba ya kuanikia.

Sasa, sisi tulikuwa na namna zetu za kupima nyumba. Mwanangu alikuja na lori lake, akalirudisha kinyumenyume getini, akazunguka uani, akatoka. Likizunguka bila kugusa kitu, anatabasamu. Mkwe wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, bado yumo ndani ya sare, akaingia chumba cha kulala, akatandika kanga sakafuni, akaweka mkoba chini ya kichwa, akafumba macho. Usingizi ukimjia, nyumba imepita. Nami nilikwenda uani, nikauegemea ukuta wa jirani, nikakohoa. Kikohozi changu si cha ugonjwa. Ni cha kubisha hodi kwa ugomvi. Bi Sindano angekijibu hata akiwa bafuni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na kuta ndefu mpaka jua lenyewe lilichelewa kuingia. Lori lilizunguka kama mchezo. Mkwe wangu alilala mpaka tukamwamsha. Nikaenda ukutani, nikakohoa. Kimya. Nikakohoa cha pili, cha kutukana kabisa. Kimya. Hata mbwa hakuona haja. Nikajiona nimekaa pale, chai inapoa mkononi, mwaka mzima bila mtu wa kuniambia nimezeeka. Roho ikanyauka.

Nikarudi mbio, nikatega sikio kwenye fremu ya mlango.

"Vipi, Mama?" mwanangu akauliza.

"Mchwa," nikanong'ona. "Nawasikia wanakula."

Bwana Mandhari akasogea, akaugonga mlango kwa kidole. Ukalia ngangara! "Mama, huu mlango ni wa chuma. Na fremu yake."

"Basi ujue wamekomaa," nikasema. Na ndiyo yangu hawakuipata.

Nyumba ya pili ilinipa matumaini, kwa sababu ukuta ulikuwa mfupi na ng'ambo kulikuwa na mti uliokuwa umemwaga majani uani kwetu. Majani ya mti wa mtu! Zawadi gani tena? Nikakohoa, akatokea bwana mmoja mnene ana shati safi.

"Shikamoo, Mama! Karibuni sana."

"Marahaba. Mti wako unatuchafulia uwanja."

"Kweli, Mama. Nisamehe sana. Naukata."

Nikababaika. "Sikusema uukate. Nimesema unachafua."

"Hapana, Mama, una haki. Nakwenda kuchukua panga." Akaenda, na akarudi nalo! Nilimsihi mpaka jasho likanitoka auache mti wa watu. Mtu kama huyo utamfanya nini? Neno moja tu, mazungumzo yamekwisha. Bahati nzuri sikulazimika kutafuta mchwa, maana mwanangu naye aliigonga nguzo ya geti, akashuka akiwa amekunja uso, akasema geti hili lilijengwa na mtu wa baiskeli.

Tulipofika nyumba ya tatu, ile ya geti la kijani, mwenye nyumba wetu alikuwa ameshaanza kuleta mafundi wa rangi tungali ndani. Mwanangu aliingiza lori, akazunguka mara moja, akazunguka na ya pili kwa raha tu. Mkwe wangu aliingia chumba cha nyuma, usingizi ukamchukua hajawahi hata kuvua viatu. Ukuta wa uani ulikuwa wa kimo changu, umepakwa chokaa kwa mkono wa mtu asiye fundi. Ng'ambo niliona kamba ya nguo, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, ufagio umesimamishwa kichwa juu. Nikasema moyoni, mwenye ufagio huu ana maneno. Nikakohoa.

Kimya.

Nikakohoa tena, nikaita mpaka hodi. Hakuna. Bwana Mandhari akaja upesi upesi, akanishika mkono. "Ng'ambo hakuna mtu, Mama. Kumetulia kabisa. Mwuguzi wetu si alisema anataka utulivu?"

Nikarudi ndani nimenywea. "Hii nyumba haijibu," nikasema.

"Haijibu nini, Mama?" mwanangu akauliza. "Nyumba ilijibu wapi?"

Ningesemaje? Mwanangu, mama yako mzima huyu, amekosa mtu wa kumtukana, ndiyo maana chai haishuki?

Jioni tukakaa mezani. Mwanangu alikuwa amenuna. "Mama, sema unachotaka. Unataka bafu? Unataka kibaraza? Sema, nijue moja. Mafundi wameshaondoa pazia la sebuleni, tutakula huku barabara nzima inatutazama."

Nikamtazama mkwe wangu, nikitegemea naye anishambulie, angalau nipate pa kuanzia. Alikuwa amesinzia kijiko mkononi, wali bado kwenye kijiko. Mafundi walikuwa wamegonga ukuta tangu asubuhi, na baada ya saa chache alitakiwa kurudi kazini kuwahudumia wagonjwa. Nikakitoa kile kijiko taratibu, nikakiweka sahanini. Mtoto wa watu huyu, hata siku moja hajawahi kunijibu vibaya. Ndiyo kasoro yake pekee.

"Inunueni," nikasema.

"Ile ya geti la kijani?"

"Hiyo hiyo. Ni nzuri."

"Lakini ulisema haijibu."

"Nitanunua birika la pili," nikasema, nikaenda kulala.

Siku ya kuandikiana na mwenye nyumba ile ilipofika, Bwana Mandhari alikuwa na haraka ya ajabu. "Twende moja kwa moja kwake, nyumba si mmeshaiona?" Lakini mkwe wangu alitaka kwanza kupima dirisha la chumba cha nyuma, apate kushona pazia zito. Tukapita. Yeye akaingia na futi yake ya kushonea, mwanangu akabaki getini anaupima uwanja kwa macho, nami nikaenda zangu ukutani. Sikukohoa hata. Nilikwenda kuuegemea tu, kama mtu anayezoea kaburi lake.

"Nani anauegemea ukuta wangu?"

Nikageuka polepole, kama mtu aliyeitwa kula. Juu ya ukuta kilikuwa kimechomoza kichwa cha bibi, kilemba kimekaa upande, mkoba wa safari bado begani.

"Wako upande upi?" nikauliza.

"Pande zote mbili! Hiyo chokaa nimepaka kwa mkono wangu, na wewe umejianika hapo kama shuka."

"Ni chokaa hii? Nilidhani ndege wamepita."

"Heh! Bibi wewe, umri huo na mdomo huo?"

"Umri gani? Mimi ni mdogo wako wa mbali."

"Mdogo wangu! Tukisimama pamoja watu wataniuliza mama yangu anaendeleaje!"

Sijui hata magoti yaliacha kuuma saa ngapi. Nikamwambia kilemba chake kimefungwa na adui, naye akaniambia sauti yangu inachachusha maziwa, nami nikamwambia kama ana maziwa ayalete niyapime. Tukapandishana mpaka njiwa wakaondoka paani.

Bwana Mandhari akaja anakimbia, rangi imemtoka. "Mama, Mama, usimsikilize. Huyu ni mgeni, anapita tu, leo leo anaondoka."

"Mgeni nani?" bibi akamgeukia. "Wewe si ndiye uliyenipakia kwenye gari lako, ukaniambia dada yangu yuko hoi kitandani? Nimefika nikamkuta anaruka kamba na wajukuu! Akanizuia siku zote hizi nimhesabie anavyoruka!"

Hapo tukamwelewa dalali wetu. Kila alipoleta mnunuzi, bibi huyu alimfukuza kwa maneno. Safari hii akaona heri amfiche, hasa alipokwisha kusikia mkwe wangu anataka utulivu. Akanyoosha mkono kwa mazoea. "Mandhari..." akaanza, akakosa pa kuuelekeza.

Mwanangu alikuwa amefika, mikono kichwani. "Basi, imekwisha. Mama amekubali kwa taabu, sasa mke wangu akizisikia hizi kelele hataki tena. Yuko wapi?"

Sasa ndipo mimi nikaingiwa na hofu ya kweli. Nimempata niliyekuwa namtafuta, na kinywa chake hicho hicho kinanikosesha nyumba! Mkwe wangu alikuwa na haki ya kusema hapana, kama mimi nilivyosema kwa mchwa wangu. Tukaingia ndani wote watatu tukinyata, nyuma yetu bibi anapiga kelele ukutani: "Umekimbilia wapi? Nilikuwa sijamaliza! Rudi hapa, mtu mzima huaga!"

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mkwe wangu alikuwa amelala sakafuni, chini ya dirisha alilokuja kulipima. Futi ya kushonea imemzunguka mkono, kinywa wazi, anakoroma kidogo kidogo. Kwa nje bibi akafyatua neno jingine, kubwa kuliko yote, lililohusu ukoo wangu mzima. Mkwe wangu akageukia ubavu wa pili, akatabasamu, akaendelea.

Tulisimama pale tunamtazama. Bwana Mandhari akajifuta jasho kwa tai yake. Mwanangu alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi. Akaitazama chokaa mgongoni kwangu. Akanisogelea.

"Mama," akanong'ona, "mbona unacheka?"

"Nani anacheka?"

"Mama. Mchwa wa mlango wa chuma. Kile kikohozi. Nyumba haijibu." Alinyoosha kidole kuelekea uani. "Ulikuwa unatafuta *hicho*?"

Nikatazama dari. "Chumba hiki kizuri," nikasema. "Kimetulia."

Ikambidi azibe mdomo kwa mkono asimwamshe mkewe. Alicheka mpaka akakaa chini, bega lake likigonga ukutani, na machozi yakamtoka, mwanaume mzima wa lori. Nami nikamwacha hapo, maana kuna mtu alikuwa ananingoja.

Bibi alikuwa bado juu ya ukuta, ameshautua mkoba.

"Kumbe mnanunua?" akauliza.

"Haikuhusu."

"Mnahamia lini?"

"Nikiona chokaa imekauka."

Akanikagua juu mpaka chini, kama mtu anayechagua nyanya. Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Aliyekuwa hapo zamani tulielewana vizuri. Alikuwa hajui hata kusalimia." Akajikohoza, akarudisha ukali wake mahali pake. "Ila nikuambie mapema. Ukihamia, kuku usilete. Kuku wakipita hapa, nachinja."

Mimi kuku sijawahi kufuga maishani mwangu. Nawaogopa macho.

Tulipotoka kwa mwenye nyumba, karatasi zimeshawekwa saini na funguo ziko mfukoni, mkwe wangu akauliza tununue nini kwanza, kitanda au kabati. Mwanangu akanitazama kwenye kioo cha lori, naye anangoja.

"Banda," nikasema. "La kuku. Na likae karibu na ukuta."