Pindo la Mama Aldonza

Alhamisi asubuhi Sista Casilda alikuwa akichambua dengu jikoni, mawe huku, dengu kule, pale Sista Leocadia wa mlangoni alipochungulia dirishani.

"Wewe na huo mwili wako, acha dengu! Kaanza tena."

Casilda akapangusa mikono, akaenda kwaya, pale kanisani masista walipokaa kusali, bila haraka. Mama Aldonza alikuwa akielea juu kidogo ya viti, macho amefumba, kiatu kimoja cha kamba kimemvuka. Casilda akashika pindo la kanzu yake, akalivuta taratibu kama mtu anayeanua nguo kambani, hadi nyayo zikagusa sakafu. Kazi hiyo ilikuwa yake kwa miaka kumi na mmoja, maana katika nyumba nzima ya Fuentesalce hakuna mwingine aliyekuwa na uzito wa maana.

"Umeniletea harufu ya kitunguu saumu mpaka huko juu," Mama alisema.

"Na wewe umeniachisha dengu, Mama. Ukitafuna jiwe leo usinitazame mimi."

Huyu Mama Aldonza ndiye aliyetoka kwenye ile monasteri kubwa ya mjini, ambako masista wa ukoo bora walikuwa na vijakazi, vijibwa na wageni wa kupiga nao soga, akaondoka na wanawake wanne na blanketi moja. Alifungua nyumba kumi na tatu za watawa kwa kupanda punda na kwa kubishana na maaskofu. Kanuni yake aliiandika kwa mkono wake: humu hamna bibi wala binti wa fulani, na kila mtu atafagia. Wakubwa wa Kanisa waliisoma, wakaipitisha, kisha wakaongeza mstari wao mmoja chini: mwenye damu isiyo safi asivae shela nyeusi, wala asikae katika viti vya kwaya.

Babu yake Casilda alikuwa Mwislamu wa Granada, akabatizwa bila kuulizwa. Basi Casilda alivaa shela nyeupe ya wapishi, na zaburi alizisikia kupitia ukuta wa jikoni. Alizijua zote. Alichotaka duniani ni kuziimba kwaya pamoja na wenzake, na alikitaka mpaka kifua kikamuuma. Mama aliandika barua tatu kumwombea. Zote zilijibiwa kwa adabu.

Mwaka huohuo akaja Padri Baltasar, mkaguzi, akamkuta Mama hewani. Aliona jambo hilo halipendezi. Akaandika amri kwamba Mama Aldonza, maadamu yu hai, asipae tena. Mama akaipokea amri kwa magoti, na hakupaa tena. Mara nyingine kiti alichokalia kiliinuka kidogo, lakini kiti hakikutajwa.

Alifariki Oktoba, baada ya sala ya asubuhi, ameshika mkono wa Casilda. "Ile shela sijaisahau," alisema. Akakata roho, na kwa kuwa amri ilikuwa imekwisha, akapaa. Alipita juu ya vichwa vya masista, akatoka kwa mlango wa chumba chake, akaingia kwaya na kutulia chini ya dari. Masista wakamngoja siku tatu ashuke wamzike, halafu wakaendelea na sala zao chini yake.

Siku ya nne Padri Baltasar akarudi na kisanduku kitupu kilichotengenezwa kwa fedha, na kisu ndani ya ala. Mke wa mtawala wa jimbo, aliyewajengea paa, alikuwa ameomba mkono wa kulia wa marehemu uwe masalia matakatifu ya kanisa lake. Wakaleta ngazi ya kuchumia zeituni. Kila Padri alipopanda kipago, Mama alijisogeza pembeni.

"Utahangaika bure, Padri," Leocadia akasema. "Humshushi huyo mpaka avutwe na Casilda." Palepale akajiziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Casilda akaitwa, mikono yake ina unga.

"Mshushe," Padri alimwambia, kwa upole kabisa, "na kesho nitakuvika shela nyeusi mimi mwenyewe. Habari za babu yako hatutazitaja tena."

Masista wakainamisha macho. Casilda akapanda ngazi, na Mama hakusogea. Akashika pindo, akavuta kidogo tu, na kanzu ikashuka kiganja kizima. Hapo akaelewa. Mama angeshuka. Hakuwahi kumkatalia. Ule mkono ulikuwa karibu na uso wake sasa, kidole cha kati bado kina wino wa kanuni na wa barua tatu.

"Sista, tunangoja," Padri alisema kutoka chini.

"Padri wangu, mimi ni mpishi. Nyama naikata jikoni. Humu sikati kitu."

Kisha akaachia, ila hakuachia pindo. Aliachia ngazi.

Wakapanda wote wawili, Casilda na uzito wake wote, hadi chini ya dari. Na kwa kuwa ilikuwa saa ya sala, Casilda akaanza zaburi. Aliimba kwa sauti aliyoizuia miaka kumi na mmoja, vumbi likadondoka kwenye mihimili, na masista chini wakamwitikia, Leocadia akilia na kukosea maneno. Padri akaamuru ashuke. Casilda alikuwa mtii, akashuka peke yake kwa ngazi zaburi ilipokwisha.

Mke wa mtawala alipelekewa kiatu cha kamba, akashukuru. Mstari wa damu haukufutwa. Casilda alizikwa na shela nyeupe, na wapishi watatu waliomfuata vilevile. Lakini Mama Aldonza yuko juu bado, mwili mzima, vidole vyote kumi, na lazima mtu amfute vumbi. Kwa hiyo miaka yote iliyombakia, kila Jumamosi saa ya sala, Casilda alipanda ngazi, akashika pindo, akaelea na kitambaa chake. Amri ilimkataza kukaa katika viti vya kwaya, naye hakukaa. Aliimba toka zaburi ya kwanza hadi ya mwisho.

Kila Jumamosi dengu ziliungua. Masista walizimaliza zote, wakaomba nyingine.